Koti la Karani

Mjomba wangu hakumwamini mtu aliyenenepa ghafla. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, katika chumba kimoja chenye mlango wa bati na kioo kilichopasuka pembeni, na kazi hiyo ilimfundisha kuamini futi yake ya kupimia tu. Mteja akisema kiuno chake ni inchi thelathini na mbili, Mjomba alimpima mara mbili, ya pili akimwamuru atoe pumzi. Hata mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alipimwa hivyo hivyo. Majirani walimwita Bwana Shaka. Hakukasirika, alishuku tu kwamba akiwapa kisogo wana jina jingine baya zaidi.

Kila mteja wa kudumu alikuwa na karatasi yake ya kaki, iliyokatwa kwa umbo lake na kutundikwa kwenye msumari ukutani. Kongwe kuliko zote ilikuwa ya mtu tuliyemwita Karani.

Alikuja mara ya kwanza akiwa karani wa idara ya maji, mwembamba, akitaka koti la harusi. Mjomba alimfundisha namna ya kukaa bila kulikunja: fungua kifungo cha chini, rusha pindo la nyuma kwa mkono wa kushoto, ndipo ukae. Koti la pili alishonewa alipochaguliwa kuongoza chama cha wafanyakazi, la tatu alipoingia bungeni. La nne lilikuwa la kiapo. Mwaka ule wa uchaguzi wa urais kila mtu alijua kuwa jenerali aliyeshindana naye atashinda, na kwamba akishindwa hatakubali. Alishindwa, akakubali, akaenda zake kufuga nyuki. Mpaka leo najiuliza tungekuwa wapi kama mzee yule angeamka vibaya asubuhi ile.

Karani akawa Rais. Alifuta ada za zahanati, akawanyang'anya mawaziri gari la pili na la tatu, akawaingiza wanawake kwenye mabaraza ya ardhi. Mtaani watu walimsifu mpaka sauti zikakauka. Mjomba akasema, "Ngojeni kiuno." Kwake yeye siasa yote ilikuwa hapo: siku kiuno kitakapoongezeka, ndiyo siku wizi umeanza.

Kila mwaka Rais alikuja dukani mwenyewe, walinzi wawili wakisimama mlangoni na kujifanya wanachagua vitambaa. Alinyoosha mikono, akatoa pumzi alipoamriwa. Thelathini na moja. Mwaka uliofuata, thelathini na moja. Nawaapia, Mjomba alichukia.

"Kuna kitu anaficha huyu," aliniambia mimi, mwanafunzi wake wa cherehani.

"Labda hali chakula kingi, Mjomba."

"Ndiyo namna yenyewe ya kuficha."

Mwaka wa saba wa urais wake baba yangu alifariki. Arobaini haijafika, baba mdogo alikuja nyumbani na kufuli mpya mfukoni, akampa mama mpaka mwisho wa mwezi ahame. Nyumba ile mama aliijenga pamoja na baba, tofali kwa tofali. Tegemeo lake lilikuwa moja tu: muswada wa Rais wa kuzuia wajane wasifukuzwe kwenye nyumba zao. Kura ingepigwa wiki moja baada ya yeye kuhutubia bunge. Makamu wake hakuupenda muswada huo, na wabunge wengi walikuwa mguu ndani, mguu nje. Kilichowashika ni kumwogopa Rais, basi.

Siku kumi kabla ya hotuba alikuja msaidizi wa Rais, peke yake, na kipande cha karatasi.

"Fundi, Mheshimiwa ametingwa na kazi, hawezi kuja. Vipimo ni hivi." Nilichungulia. Kifua kimepungua inchi tano, kiuno sita. "Lakini wewe kata kwa karatasi yake ya zamani, kisha ujaze pamba ndani, kifuani na mabegani. Aonekane kama kawaida."

"Na atakayevaa ni nani?"

"Rais, nani tena? Na haya yabaki humu humu."

Mjomba aliahidi. Yule bwana alipoondoka, akafunga mlango mchana kweupe.

"Si yeye," alisema. "Wamempoteza, wanataka kutuwekea mtu mwingine ndani ya koti lake."

"Mjomba, labda anaumwa."

"Angekuja. Miaka ishirini na miwili hajakosa kuja." Akachukua chaki. "Nitakata kwa karatasi yake, na pamba sitii. Koti litamkataa mbele ya bunge zima."

Ningeweza kumwambia mama. Sikumwambia, kwa sababu nusu yangu ilimwamini Mjomba. Ukikaa na mtu mwenye shaka inakuambukiza kama mafua.

Msaidizi alilichukua koti asubuhi ya siku yenyewe, mbio mbio, bila muda wa kulijaribisha. Tulikwenda kutazama televisheni kwa kinyozi wa jirani, mama amepakata mfuko wa hati zake za nyumba. Rais akaingia. Kola ilikuwa imeachana na shingo, mabega yameanguka, kitambaa kinaning'inia kama kimetupwa juu ya kiti. Kinyozi alizima mashine yake. Mjomba akatabasamu, nililiona tabasamu lile na sitalisahau.

Kisha Rais akafika kwenye kiti chake. Akafungua kifungo cha chini, akarusha pindo la nyuma kwa mkono wa kushoto, akakaa.

"Ni yeye," Mjomba alisema.

Magazeti ya kesho yake yalichapa picha ile tu, yakiuliza anaumwa nini; hotuba hayakuigusa. Kabla ya wiki kwisha wabunge walikuwa wamehamia kwa makamu, kura ikaahirishwa, na siku ya kumi na moja Rais akajiuzulu. Muswada ukaondolewa ili uchunguzwe zaidi, na mpaka leo unachunguzwa. Mwisho wa mwezi baba mdogo akaweka kufuli yake. Mama akaja kulala dukani, nyuma ya pazia, na mto wake mmoja.

Nilimpigia Mjomba kelele bila heshima yoyote. "Ulitaka nini hasa?"

"Walinidanganya."

"Na wewe? Hukuahidi pamba?"

Aliviringisha futi kidoleni, akaikunjua tena.

Miezi minne baadaye mke wa Rais aliingia dukani bila mlinzi, koti mkononi. Alitaka lipigwe pasi. Mazishi ya mumewe yalikuwa kesho kutwa.

"Aliomba avae hili hili," alisema. "Alisema fundi wake hakukosea. Karatasi ilikuwa sahihi, aliyepungua ni yeye."

Alipotoka, Mjomba hakugusa pasi. Alifumua bitana, akafungua droo zote. Pamba hakuna. Mama alisimama, akaleta mto wake, akaupasua kwa mkasi wa Mjomba. Nilidhani atamrushia usoni. Aliusukuma mbele yake mezani.

Mjomba akajaza kifua, akajaza mabega, akilia waziwazi. Alipoteremka chini zaidi, mama alimshika mkono.

"Kiunoni usitie kitu, kaka," alisema. "Hapo hakuwahi kuongezeka."