Mgongo wa Farasi Niliyeacha Kumpima

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa farasi. Nilipewa kitambaa kibichi. Saisi Mkuu, yaani kiongozi wa sisi watunza farasi, alikuwa mzee mrefu kutoka Isiolo, mtu wa maneno machache. Alikitoa kitambaa hicho chini ya tandiko la farasi aliyerudi kutoka mbio, akanitupia mikononi.

"Soma," akasema.

Nilikuwa nimetoka Nchiru asubuhi hiyo, enzi ambazo Nchiru ilikuwa mahindi matupu kabla ya hosteli za wanafunzi, na nilikuwa nimevaa sketi yangu ya kanisani. Nikamwambia sioni maandishi.

"Penye maji, tandiko limekaa sawa. Pakavu, linabana mpaka jasho linashindwa kutoka. Aliyeuza tandiko atakudanganya. Anayelikalia pia atakudanganya, kwa sababu si yeye aliye chini. Kazi yetu, binti, ni kushuku."

Kazi hiyo niliifanya zaidi ya miaka thelathini katika shamba lile lile la farasi, juu ya Timau, mpaka nikawa Msimamizi wa Stoo ya Matandiko. Niliifanya vizuri, na nilizoea kuona ubaya kila mahali.

Nyinyi mnaoanza sasa hamkuyajua matandiko yetu ya zamani. Yalikuwa ya ngozi, mazito, na ndani yana fremu tunayoiita mti, ambayo haipanuki hata kidogo. Yaliwafaa farasi wembamba wa mashindano. Kisha akaja Meneja mpya, akageuza shamba kuwa mahali pa wageni wa kutembea na farasi, akaleta farasi wanene wa kubeba watu wazito. Mmoja alikuwa na mgongo bapa kiasi kwamba unaweza kuweka kikombe cha chai juu yake na kisianguke. Tukamwita Meza.

Meneja akataka matandiko ya sintetiki, yasiyo ya ngozi, yanayorekebishwa. Moyo wangu ukakataa. Nilimwona muuzaji kutoka Nairobi akishusha mali yake, nyepesi kama mabegi ya shule, nikajiambia hapa kuna mtego.

"Haya yanatosha farasi wote, madam," akasema. "Saizi moja tu."

"Nipe bisibisi," nikamwambia.

Nikalifungua moja mbele yake. Kwa mbele, chini ya sehemu iliyoinuka, tandiko la namna hii lina chuma kilichopindwa kama daraja dogo, kinachopita juu ya mabega ya farasi. Unatoa skrubu, unabadilisha chuma, chembamba au kipana. Lakini la yule bwana hata chuma kipana kabisa kilikuwa cha farasi wa kawaida. Na mito yake ya chini ilikuwa imejipinda kama chini ya mtumbwi. Juu ya mgongo bapa ingeyumba mbele na nyuma. Nilimrudishia.

La pili alilolileta nililipima kwa siku tatu. Nilikunja waya laini juu ya mabega ya Meza, nikauchora ule mkunjo kwenye katoni, nikaikata. Nikaliweka tandiko likiwa tupu, bila kitambaa, kwa sababu kitambaa huficha makosa. Mkono wangu ulipita chini yake bila kukwama popote. Uti wa mgongo ulikuwa huru katikati. Nyuma, halikupita ubavu wa mwisho. Hapo nikatia chuma kipana kwa mkono wangu mwenyewe, nikakikwaruza alama ya msalaba, nikakubali. Lilikuwa tandiko zuri. Unaliosha kwa maji ya bomba na jioni limekauka.

Saisi aliyemtunza Meza aliitwa Njiru, kijana mpole kutoka Karurumo, kule Runyenjes. Yeye na mimi tu ndio tulikuwa na bisibisi ya stoo. Miezi ikapita, mvua ndefu zikanyesha na kuisha. Meza akaanza kulaza masikio na kugeuka kutaka kuuma kila alipofungwa mkanda wa tumbo. Njiru aliniambia mara mbili. Nikamjibu kwamba anamharakisha farasi.

Kisha asubuhi moja Meza alimtupa mgeni, mama wa makamo, akavunjika mfupa wa bega.

Nilipotoa kitambaa nikaona sehemu mbili kavu, moja kila upande, nyuma tu ya mabega. Chuma chembamba! Wala sikuhitaji kufikiri. Wiki iliyotangulia Njiru alikuwa ametumia tandiko hilo kwa farasi mwingine, mwembamba. Bila shaka alibadilisha chuma akasahau kukirudisha. Nikaenda moja kwa moja kwa Meneja, nikayasema hayo.

Njiru aliitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mimi sijagusa hiyo skrubu, Mama Mwenda," akasema. "Wiki ile niliweka tu blanketi mbili chini lisilegee. Fungua tandiko tuone."

"Halifunguliwi," Meneja akasema. "Watu wa bima wanakuja. Stoo inafungwa."

"Basi wakija mnifungulie mkiwa na wao."

Ningeweza kusema ni dakika tano tu za kazi. Lakini niliutazama upole wa Njiru nikaona ni ujanja wa mtu aliyekamatwa. Mchana ule ule akashuka na sanduku lake kuelekea lami.

Watu wa bima walipiga picha wakaenda. Baada ya wiki tatu nilirudishiwa ufunguo wa stoo, nikalifungua lile tandiko. Chuma kilichokuwa ndani kilikuwa kipana, na msalaba wangu juu yake.

Nilikaa chini juu ya gunia la pumba. Kisha nikachukua ile katoni nikaenda malishoni kwa Meza. Nilipoiweka juu ya mabega yake haikushuka. Ilining'inia juu, ncha zake mbili zikimchoma mabegani. Majani ya mvua yalikuwa yamemnenepesha, na mimi niliyemshuku kila mtu sikuwa nimemshuku farasi. Sikuwa nimempima kwa miezi mitano.

Nilimwambia Meneja. Alifunga mlango wa ofisi.

"Mambo yameisha, Mama Mwenda. Umebakisha mwaka mmoja ustaafu. Unataka nini?"

"Nataka iandikwe kwamba kosa ni langu."

"Wewe na Njiru mna undugu? Amekupigia simu?"

Hata ukweli wangu aliushuku. Niliandika barua hata hivyo, nikaisaini, nikampa. Hakunifukuza, nafikiri hakutaka watu wa bima warudi. Wala hakumwita Njiru. Jumamosi iliyofuata nikachukua nakala ya barua nikaenda Karurumo.

Nilimkuta akipalilia kahawa ya mama yake. Alinisalimia bila kuacha jembe.

"Umetumwa na Meneja?"

"Hapana. Nimefungua tandiko. Chuma kilikuwa kile kile. Nilikukosea, Njiru."

"Mimi najua sikugusa," akasema. "Hukuhitaji kupanda gari kuniambia mimi. Mwambie huyo."

Akanionyesha kwa kidevu mlangoni, alipokuwa amekaa mama yake akichambua maharagwe. Tangu Njiru arudi, mama huyo alikuwa akimuuliza kila siku aliwafanyia nini wale watu. Hakumwamini, wala kanisani hawakumwamini.

Nikamweleza kwa Kimeru, naye akanijibu kwa Kiembu, tunaelewana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulilifungua lini?" akauliza.

"Baada ya wiki tatu."

"Na ungelifungua siku ile?"

"Ningeona, mama."

Akarudia maharagwe yake. Hakunikaribisha chai, na sikuona kosa. Nilimsomea barua yote, akaichukua kutoka mkononi mwangu, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake. Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Njiru alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwuliza kama angerudi nikimwombea nafasi. Akatikisa kichwa. Tulipofika akauliza, "Meza anaendeleaje?"

"Nimempatia chuma kipana zaidi. Lakini bado anakunja uso akifungwa mkanda."

"Wewe ndiye unamfunga?"

"Mimi."

"Usivute mara moja. Funga tundu la kwanza, mtembeze hatua kumi, ndio uvute la pili. Hata kabla ya hii shida alikuwa hivyo."

Nimestaafu sasa. Wenye farasi wa huku juu bado wananiita na waya wangu, nami huwaambia wapime kila msimu unapobadilika, na wasimtaje mtu kabla ya kutoa skrubu. Wengine husema nimekuwa bibi wa maneno mengi. Sawa. Mwaka ule wangu wa mwisho nilimfunga Meza mkanda mwenyewe kila asubuhi, tundu moja, hatua kumi, kisha la pili, na hakunilazia masikio tena.