Maganda ya Muhogo Uwanjani kwa Bibi

Kila nikimenya muhogo jikoni kwangu hapa Nachingwea mjini, na maganda yakakaa kwenye beseni mpaka yakaanza kutoa ile harufu ya kuchacha, huwa nacheka peke yangu. Mume wangu ameshazoea. Wanangu hutazamana tu, wakijua mama yao amekwenda tena Ruponda bila kupanda gari. Leo nitawasimulia ninyi, maana watu walioishi nami siku zile niliwahi kuwaeleza ukweli, wakakataa kuniamini.

Nilikuwa na miaka tisa, nikilelewa kijijini Ruponda na bibi yangu, mama yake baba. Bibi alikuwa na uwanja mkubwa mbele ya nyumba, mchanga mwekundu mtupu, na uwanja ule ulikuwa fahari yake kuliko nyumba yenyewe. Mtu akipita njiani asubuhi na kusifia, bibi alitembea siku nzima kama aliyevaa khanga mpya. Mfagiaji nilikuwa mimi. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Wengi walijaribu kunibadilisha, wakanifunga mkono kwa kitambaa, wakachoka wao. Bibi peke yake alisema niachwe, kwa sababu hakuna aliyefagia kama mimi. Michirizi ya fagio langu ililala upande mmoja, sawasawa, kuanzia mlangoni hadi barabarani, na kuku wa kwanza kuikanyaga nilimchukia mpaka jioni.

Mwaka huo, likizo ya mwezi wa sita, dada Zuhura alikuwa ndani, anachezwa unyago. Zuhura ni binti wa shangazi yangu mdogo aliyekuwa akifanya kazi Dar, na bibi ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Siku ya kumtoa mwali ilikuwa Jumamosi, na bibi alikuwa na nia moja tu maishani: kumtoa pale pale uwanjani pake, mahali alipowatolea binti zake wote. Nyumba ilijaa wanawake. Walimenya muhogo kutwa, wakauanika kwa ajili ya makopa, wakiimba na kusengenya, na kazi yangu ilikuwa kubeba maganda na kwenda kuyatupa jalalani.

Sasa, jalala lilikuwa nyuma ya mikorosho, na njiani aliishi jogoo wa baba mdogo. Sitamsahau jogoo yule. Alikuwa mwekundu, ana shingo tupu, na alikuwa amenichagua mimi katika watoto wote wa Ruponda. Safari ya kwanza alinidonoa kisigino. Safari ya pili alinipanda mgongoni. Safari ya tatu sikwenda. Nilichukua jembe, wanawake wakiwa wamejilaza baada ya kula, nikachimba shimo pembeni mwa uwanja, nikamwaga maganda, nikafukia, nikafagia juu yake. Hapakuonekana kitu. Nilijiona nina akili nyingi, na kwa siku tatu nilichimba mashimo mengine kadhaa, kila moja nikalifunika kwa michirizi yangu mizuri.

Asubuhi ya Jumanne bibi alifungua mlango, akashika mdomo. Uwanja ulikuwa umefumuliwa. Udongo umetupwa huku na huko, na alama za kwato zimetapakaa mpaka kizingitini. Nguruwe pori walikuwa wamekula kila ganda walilofukua, hawakuacha hata ushahidi.

Bibi hakupenda hata kumtaja mnyama yule. Alimwita "yule wa pua", na baada ya kumwita hivyo alitema mate pembeni. Tulifukia, nikafagia upya. Baba mdogo akazungushia kamba yenye makopo matupu na utepe wa kaseti uliong'aa juani. Bibi akachoma pilipili na mavi ya mbuzi, tukakohoa sote mpaka mwali huko ndani. Jumatano asubuhi yalikuwa yamechimbwa mashimo mengine mawili, na kopo moja lilikutwa limekanyagwa likawa bapa.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Gaudensi, jirani yetu. Alikuwa Mngoni, Mkristo wa parokiani, aliyehamia huku kufundisha useremala akazeekea hapa hapa. Nasi ni Wamwera, kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Mtani haruhusiwi kukasirikiwa, na Mzee Gaudensi aliitumia ruhusa hiyo vilivyo. Alisimama juu ya shimo, mikono nyuma, akampa bibi pole, akasema hawa wageni ni wajomba zake kutoka Songea wamekuja kwenye ngoma, na wakaribishwe vizuri. Akajitolea kutega mtego kwa sharti kwamba nyama yote iwe yake. Bibi akamwambia damu ya yule wa pua ikidondoka uwanjani pake, atamzika yeye hapo hapo akiwa mzima. Walicheka wote wawili, lakini nilimwona bibi akifuta macho kwa ncha ya khanga.

Alasiri ile alifika shangazi mkubwa kutoka Chinongwe, mwenye nyumba ya bati na sauti ya kuitosha. Alikagua mashimo, akasema uwanja uliochimbwa na mnyama huyo haufai kutolea mwali, watu watasema mengi, na wengine wameshaanza kunong'ona kwamba mgeni kama huyo haji bila kutumwa. Kesho jioni, ikiwa pamechimbwa tena, Zuhura atapelekwa Chinongwe. Bibi aliingia ndani akakaa kitandani, na mimi sikuwahi kumwona bibi amekaa kitandani mchana.

Nilijua mashimo mawili yalikuwa bado yamejaa maganda, na nilijua wale wajomba wa Songea watarudi. Kusema nilishindwa. Ningesemaje, wakati sifa yangu yote ilikuwa huo uwanja? Asubuhi ya Alhamisi walikuwa wamechimba tena, shimo moja. Mchana, watu wakiwa wamejilaza, nikachukua jembe kwenda kulifukua lile la mwisho. Nilikuwa nimepiga magoti, mikono imejaa maganda yaliyooza, nilipoona miguu yenye kandambili za tairi.

"Mtani," Mzee Gaudensi aliniuliza, "unapanda au unavuna?"

Nikaanza kulia. Nilimweleza yote, jogoo, maganda, bibi kitandani. Hakucheka, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Aliuliza yamebaki mangapi, nikasema hili tu. Akavua kofia yake ya ukili, akajaza maganda humo, akanyanyuka akaenda zake bila kuaga.

Jioni wanawake walikaa uwanjani, shangazi akiwa ameshafunga vitu vya mwali kwenye beseni. Mzee Gaudensi akaja na kofia yake mkononi, akaimwaga katikati yao. Harufu iliwafanya wazibe pua.

"Mimi ndiye niliyezika maganda humu," alisema. "Niliona Wamwera mnafanya ngoma bila kualika Mngoni, nikawaalika wajomba zangu mwenyewe."

Shangazi mkubwa, yeye wa kwanza, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Minong'ono yote iliishia hapo. Wanawake walimzunguka, wakampokonya kofia, wakampaka unga wa muhogo kichwani, wakamhukumu papo hapo: afukie kila shimo, achote maji mwenyewe, ashindilie uwanja kwa miguu yake huku akicheza. Alicheza, mzee wa watu, matope mpaka magotini, akiimba nyimbo za Kingoni ambazo hakuna aliyezielewa. Bibi alicheka mpaka akapaliwa. Wale wa pua hawakurudi, na Jumamosi Zuhura alitoka akapita juu ya uwanja mgumu kama sakafu. Nami nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote kijijini, kwa sababu hakuna aliyeniuliza kitu.

Miaka ilikwenda. Kila msimu wa ngoma watu walimkumbusha Mzee Gaudensi maganda yake, na kila mara alijibu kwamba safari ijayo ataalika na shangazi zake. Mimi nikiwepo, hakunitazama hata kwa kope. Nilidhani amesahau.

Alifariki mwaka juzi. Tulikwenda msibani kama watani wanavyokwenda, kuvuruga kilio kidogo ili watu wapumue. Ilipofika zamu yangu nilichukua ungo wa maganda ya muhogo, nikayamwaga mbele ya waombolezaji. Nikasema marehemu alisingiziwa, maganda ya Ruponda niliyazika mimi, mikono yangu hii. Nilisema kwa dhati. Watu walicheka mpaka mjane akaanguka begani kwa mwanawe. Mmoja akasema Wamwera hawa hata msibani wanamwibia marehemu sifa zake. Hakuna aliyeniamini hata mmoja.

Nikaenda kukaa mkekani karibu na bibi. Ni mzee sana sasa, haoni vizuri. Akanivuta khanga.

"Nilijua siku ile ile ya kwanza walipochimba wale wa pua," alisema. "Kabla hawajaja, pale pale walipochimba nilikuwa nimeona pamefagiliwa mara mbili, na michirizi imelala kwa mkono wa kushoto. Nyumba nzima ni wewe tu."

Nikamuuliza kwa nini hakunisema.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mtani akakutua mzigo. Ningekutwika tena wa nini?"

Nilibaki nimeshika mkono wake. Miaka yote ile nilifikiri kuna mtu mmoja aliyenificha, kumbe walikuwa wawili, na hawakuwahi kuambiana. Kisha nikainuka, nikaomba fagio, nikaufagia uwanja wa mtani wangu kuanzia mlangoni hadi barabarani, kwa mkono wa kushoto, polepole, mbele ya watu wote.