Miche ya Wimbi Niliyoifukia

Kuna siku moja naikumbuka kila nisikiapo mtoto wa huku kwetu ameitwa chuo kikuu kwa ufadhili. Niliikumbuka tena Sabato iliyopita, hapa kanisani Sironga, tulipowasimamisha mbele vijana watatu wanaoondoka mwezi ujao, nawe ukiwa mmoja wao, mwanangu. Wazee walikuombea masomo, wakakuombea afya, wakakuombea marafiki wema. Mimi nilikuombea jambo ambalo sikulisikia likitajwa: kwamba siku utakaposhindwa, useme. Najua ulinisikia nikinung'unika peke yangu ukadhani ni uzee. Basi kaa nikueleze.

Mimi hapa Sironga niliolewa. Nilizaliwa juu kule Manga, mahali penye mteremko ambapo kuku akitaga vibaya yai linaokotwa kwa jirani wa chini. Baba alifariki nikiwa mdogo, mama yangu, Moraa, akatulea kwa majani chai na ndizi. Nilipofaulu mtihani na kupata wafadhili wa kunisomesha kilimo chuo kikuu, nilikuwa msichana wa kwanza wa kijiji chetu kufika huko, na furaha haikuwa ya mama peke yake. Wiki niliyoondoka, wanawake wa risaga yake walimchumia chai yote ili apate nafasi ya kunisindikiza hadi langoni mwa chuo.

Risaga unaijua, ingawa siku hizi mnaisikia zaidi kuliko kuiona. Wanawake wanakusanyika, leo wanampalilia huyu, kesho yule, mpaka mashamba yote yaishe. Sheria yake haijaandikwa popote lakini hata mtoto anaifahamu: ukilimiwa, nawe ulime. Nimelelewa ndani ya sheria hiyo, na ndiyo iliyokaribia kunirudisha nyumbani bila shahada. Usicheke, nitafika huko.

Chuoni nilikumbana na kemia. Shule niliyotoka ilikuwa na chupa mbili za maabara, na moja ilikuwa na ufa. Wenzangu walikuwa wamefanya majaribio ambayo mimi niliyaona kwenye picha tu. Mhadhiri alikuwa akienda mbio, nami nilikuwa nikiandika kila neno linalotoka kinywani mwake, hata akikohoa nadhani niliandika. Nilijaza daftari moja baada ya jingine kwa mwandiko mzuri, na sikuelewa hata nusu.

Wenzangu walisoma kwa vikundi. Chumba cha pili kutoka changu alikaa msichana wa Ogembo anayeitwa Mokeira, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alinigongea mara tatu.

"Kemunto, si ukuje tusome pamoja? Mbona unajifungia?"

"Nitakuja kesho," nilimwambia, na kesho yangu haikufika.

Sikumkatalia kwa dharau, mwanangu, Mungu ni shahidi. Nilikataa kwa sababu nilijua nikienda nitakuwa mtu wa kuuliza tu. Wao watanipalilia, mimi nitawalimia nini? Kwetu mtu hakai kwenye risaga bila jembe. Tena nilikuwa mtoto wa ufadhili. Niliona nimeshabebwa vya kutosha na watu nisiowajua, na anayebebwa hasemi mgongo wa mwenzake unamuumiza. Nikajiambia nitapambana mwenyewe, na nilipambana kwelikweli. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na kemia ile ilikuwa chawa wa chuma.

Matokeo ya muhula wa kwanza yakatoka, nikawa nimeanguka kemia. Siku chache baadaye nikapokea barua ya wafadhili. Ilikuwa na adabu sana. Ilisema nitaufanya mtihani huo tena baada ya likizo, na kwamba nisipopita, ufadhili utakoma hapo. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Kisha nikaikunja ndogo, nikaitia mfukoni mwa sweta, nikapanda gari kwenda nyumbani.

Mama aliniuliza masomo yanaendeleaje. Nikamwambia, "Vizuri, mama." Ndilo neno lililoniuma kuliko barua yenyewe, kwa sababu aliamka asubuhi akaenda kulisambaza kijiji kizima.

Jumanne ya wiki hiyo risaga ilikuwa zamu ya mama, kupalilia wimbi, ule ulezi wa uji. Sasa wewe umekulia kwenye migomba, labda hujui: katika shamba changa la wimbi huota gugu linalofanana nao kama ndugu wa tumbo moja. Tofauti yake iko pale shina linapotokea ardhini, na ni mkono unaoijua zaidi ya jicho. Nilipewa kipande changu pembeni, nikachuchumaa na kijembe kama wengine. Lakini akili yangu ilikuwa mfukoni. Nilipokuja kutazama nyuma, nilikuwa nimeng'oa miche ya wimbi karibu hatua nne nzima, na magugu nimeyaacha yamesimama kwa raha zao.

Nilitazama huku na huku. Wanawake walikuwa wameinama, wanazungumza na kucheka. Nikachimba haraka kwa kijembe, nikaanza kuifukia ile miche.

"Kemunto, unazika nini hapo?"

Alikuwa Bochaberi, mwanamke mzee kuliko wote kwenye risaga ile. Sote tulimwita magokoro, yaani nyanya. Mgongo wake ulikuwa umeshakataa jembe miaka mingi, kwa hiyo alikaa kwenye ukingo wa shamba, miguu ameinyoosha, akiwaangalia watoto wachanga wa wanaopalilia. Nilikuwa nimemsahau.

"Magugu, magokoro."

"Magugu hutupwa juani yakauke, hayazikwi. Hebu lete nione."

Nilimpelekea kiganja kimejaa. Akaigeuza miche, akaitazama mizizi, mwili wake ukaanza kutikisika kwa kicheko. Lakini alicheka bila sauti, na hilo sijalisahau, kwa maana mama alikuwa hatua chache tu kutoka pale.

"Mtoto wa Moraa! Wamekupeleka mbali hivyo kusomea kilimo, na unang'oa chakula?"

Nikainama kwa aibu.

"Usiiname hapa, kainame kule. Irudishe ardhini sasa hivi. Ikirudi kabla jua halijapata mizizi, itashika. Ukingoja saa sita, hata mvua ya Manga yote haitaifufua."

Nikaifukua, nikaipanda upya mmoja mmoja. Magokoro alinipa kibuyu cha maji ya watoto, nikainyunyizia kidogo kidogo. Nilipofika kama mche wa kumi, machozi yakaanza kunitoka, nikashindwa kuyazuia.

"Hayo si ya wimbi," alisema. "Njoo ukae."

Nikakaa. Nikaitoa barua mfukoni, nikamsomea, sentensi moja ya Kiingereza, kisha maana yake kwa lugha yetu. Nikamweleza habari za Mokeira na mara tatu alizonigongea, na kwa nini sikwenda. Nikamwambia, "Sina cha kuwarudishia, magokoro. Wao wanajua, mimi sijui."

Mtoto mmoja alikuwa amelala mapajani pake, wa pili amemshika leso, wa tatu anakula udongo. Akampangusa mdomo kwanza.

"Umewahi kuliona shamba langu lina magugu?"

"Hapana."

"Mimi napalilia?"

"Hapana, magokoro."

"Basi ni nani aliyekuambia kwamba jembe ndilo peke yake linaloletwa kwenye risaga? Mama wa huyu angepalilia vipi na mtoto mgongoni? Kila mtu ana kitu, ila hukioni mpaka ufike shambani. Wewe hata hukwenda, umejuaje huna?" Akanitazama vizuri. "Unadhani hiyo ni haya. Ni kiburi hicho, mtoto wangu, kimevaa leso ya haya. Unataka kupewa na wafadhili walio mbali wasiokuona ukilia, lakini jirani wa mlango wa pili hutaki akusaidie."

Maneno yale yaliniingia. Mpaka leo nikiyakumbuka nahisi masikio yanapata moto.

"Nenda umwambie mama yako," akasema, "na umwambie kabla hatujala. Risaga haiitwi baada ya mavuno."

Nikaenda. Mama aliipokea barua akaishika kwa vidole viwili, kwa sababu mikono ilikuwa na udongo, ingawa asingeweza kuisoma. Nikamweleza yote. Nilitegemea hasira, au kuvunjika moyo kwake mbele ya wenzake. Akasema, "Kumbe ulikuwa unaibeba hii peke yako?" Hapo ndipo nililia kama mtoto. Baadaye, tukinywa uji, aliwaambia wanawake wenyewe, waziwazi, kwamba Kemunto ameanguka somo moja na atalirudia. Mmoja akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwingine akauliza kama uji umebaki. Mambo yakaishia hapo, mwanangu. Aibu niliyoiogopa kwa wiki mbili ilimalizika kabla kikombe hakijapoa.

Mama akaikatiza likizo yangu, nikarudi chuoni wiki moja mapema. Mokeira naye alikuwa amerudi mapema na kikundi chake kujiandaa kwa muhula mpya. Nikagonga mlango.

"Heh! Leo kesho imefika?" Akafungua mlango wote. "Ingia, unasimama hapo kama mgeni? Sisi tulifikiri unatuona wajinga."

Fikiria hilo. Miezi yote ile niliyokuwa nikijificha kwa sababu ya ujinga wangu, wao walidhani najificha kwa sababu ya ujinga wao.

Niliweka daftari zangu mezani. Mokeira akafungua moja, akapekua ukurasa baada ya ukurasa. Akawaita wenzake. Wao walikuwa wameelewa kemia, lakini nusu ya mihadhara walikuwa wameipoteza, wengine kwa kuchelewa, wengine kwa usingizi, wengine kwa mwandiko ambao wenyewe hawakuweza kuusoma. Mimi nilikuwa na kila neno. Siku ile tulikaa mpaka chakula cha mchana kikatupita, mimi nikisoma yaliyosemwa, wao wakinieleza maana yake. Nilimkumbuka magokoro na watoto wake watatu.

Mtihani ule nilipita. Sikupata alama za kutangaziwa kanisani, lakini nilipita, ufadhili ukaendelea, nikamaliza, nikawa afisa wa kilimo miaka yote unayonijua. Na mwaka ule ule wa kwanza, baada ya mavuno, mama alinitumia mfuko mdogo wa unga wa wimbi. Alimwagiza aliyeuleta aniambie hivi: huu ni wa zile hatua nne zako, Bochaberi aliusimamia mwenyewe usichanganywe na mwingine. Tuliupika uji chumbani kwa Mokeira, tukanywa watu saba. Sijawahi kuonja uji mtamu kama ule.

Bochaberi hakuwahi kuniona nikivaa joho. Alikuwa ameshalala. Lakini kila shamba nililoingia kwa kazi yangu, niliingia na shukrani yake. Nawashukuru wafadhili ambao sikuwahi kuwaona uso. Namshukuru mama, namshukuru Mokeira ambaye mpaka leo hupiga simu akipaza sauti kana kwamba Ogembo iko ng'ambo ya dunia. Lakini aliyeniokoa ni yule mwanamke asiyeweza kuinama.

Basi, mwanangu, ninalokuomba ni hili. Huko uendako utang'oa kisichostahili kung'olewa, kila mtu hufanya hivyo mwaka wa kwanza. Usikifukie. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mtu siku ile ile, mizizi ikiwa bado mibichi. Atakayekugongea mlango, mfungulie. Asipokugongea, nenda ugonge wewe. Usiseme huna cha kupeleka, kwa maana hutakijua mpaka ufike. Na ukiwa umebebwa na watu usiowajua, usione haya kushikwa mkono na wanaokujua. Ukiona mwenzako amejifungia, usidhani anaringa.

Nenda salama. Nyasae, Mungu wetu, aliyeishika ile miche yangu akushike nawe, akupe walimu wenye subira na majirani wenye sauti kubwa. Akupe mtu wa kukucheka bila kelele. Na siku ya barua mbaya, kama itakuja, kumbuka kwamba huku Sironga kuna bibi mmoja mwenye simu, haizimi, na uji uko jikoni.