Mto Ulioingia Jikoni

Nyumbani kwa doña Eufrasia, mjini Sucre, wanafunzi wa Kihispania hawakukatika. Mmoja akifunga mizigo, mwingine anabisha hodi. Wa safari hii, Chizuru kutoka Japani, alikuwa amekaa wiki kadhaa, na bado kila akiulizwa jambo alitikisa kichwa tu.

"Umetuletea mgeni au mjusi?" alitania don Wálter, mume wa Eufrasia.

"Mwache. Maneno yamemjaa, bado tu hajaona pa kuyatolea."

Mchana mmoja, mji mzima ukiwa umejilaza baada ya chakula, Chizuru alisinzia kitini pale uani, maua ya zambarau ya mjakaranda yakimdondokea mapajani. Eufrasia alikuwa kando yake akimenya njegere. Mara akamsikia akisema kwa Kihispania, taratibu, "Mama, mto umeingia jikoni."

Tangu aje alikuwa hajawahi kumwita mama. Eufrasia akashusha sauti. "Maji ni ya baridi, mwanangu?"

"Ya vuguvugu. Njoo tuoshee vyombo humohumo."

"Nakuja. Na baba yuko wapi?"

"Amepanda sufuria. Anapiga makasia kwa mwiko."

Eufrasia akaangua kicheko, Chizuru akafumbua macho. "Unacheka nini, mama? Atazama yule!" alisema, bado kwa Kihispania, kisha akaduwaa, akajiziba mdomo.

"Usiuzibe," Eufrasia alimwambia, akimsogezea bakuli la njegere. "Nieleze, alifika wapi?"

Chizuru akachukua ganda moja, akafikiri kidogo, akaanza kusimulia.