Shabu ya Machibya

Machibya alikuwa na wivu, na wala hakuuficha. Kiwanda kizima cha minofu ya sangara pale Ilemela kilijua. Maji machafu ya kuoshea samaki, yenye damu na mafuta, yalikuwa mali yake: aliyatia shabu, ile dawa ya kusafishia maji, akayakoroga kwa mti mrefu mpaka uchafu ukazama, ndipo yakaruhusiwa kwenda ziwani. Kila asubuhi bosi Alnoor alichota glasi, akaiinua juani mbele ya wafanyakazi, akataja jina lake. Basi siku hiyo nzima Machibya anatembea kifua mbele.

Halafu ikaletwa mashine ya majaribio. Tangi dogo tu, lenye mabamba ya chuma ndani. Umeme ukipita kwenye mabamba, uchafu unagandamana, unaelea, unaenguliwa. Na nani akapewa kuitunza? Nestory! Mdogo wa mke wake, ambaye Machibya mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi! Hata ugali ulimshinda.

Lakini maji ya Nestory yalitoka na ukungu. Bosi akaguna, akasema yakitoka hivyo tena kesho, mashine inarudi ilikotoka. Mtu mwenye akili zake angekaa kimya, akasubiri. Machibya? Thubutu! Alitaka watu wajue kwamba shabu ndiyo kiboko. Alfajiri akamimina mfuko mzima kwenye tangi la Nestory, akapanga kuwatangazia wote glasi itakapoinuliwa. Nestory akaja, akawasha mashine kama kawaida.

Glasi ikainuliwa. Maji meupe pee!

"Nestory, hongera!" bosi akapaza sauti. "Mashine inabaki. Shabu sasa basi. Machibya, wewe utahamia kuosha makreti."

"Bosi, hiyo ni shabu yangu!" Machibya akaropoka. "Nimeitia mimi, alfajiri!"

Kikazuka kicheko. Evelina, mkata minofu, akashika mbavu.

"Jamani, wivu! Sasa anataka na maji ya mwenzake!"

Machibya akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Ndiyo kwanza wakazidi kucheka.

Nestory peke yake hakucheka. Alimshika bega kwa huruma, akamwambia polepole, "Shemeji, usijisikie vibaya. Nitakufundisha kuiwasha mashine."

Hapo ndipo Machibya alipotokwa na machozi.