Salamu iliyonikuta mwambani

Leo nusura niangamie kwa sababu ya adabu.

Mjukuu wangu Saida ni mpanda miamba. Asubuhi alinipeleka kwenye mwamba wa graniti ulio nyuma ya mikorosho yetu.

"Babu, hii ni njia ya wanaoanza."

Alitangulia, akikaza vipande vya chuma ndani ya ufa na kupitisha kamba humo. Alipofika juu, nikafuata, kamba kiunoni.

Nilipolingana na vilele vya mikorosho, magoti yakaanza kutetemeka. (Naam, magoti yangu, mimi niliyewafundisha baadhi yenu kusimama wima.)

Ndipo jirani yetu, Mama Hadija, akapita chini.

"Shikamoo, mzee."

Siku zote huitikia nikiwa nimeweka mkono kifuani.

Nikauweka.

Miguu ikateleza. Kamba ikanidaka, nikabaki nikining'inia, sauti haitoki.

"Babu," Saida akasema kutoka juu, "itikia kwa mdomo tu. Mikono iache kwenye jiwe."

Mama Hadija alikuwa bado amesimama, akidhani nimenuna.

"Marahaba," nikasema hatimaye, nimeukumbatia mwamba.

Nawaombeni, mkiniona tena huko juu, piteni kimya. Nitaihesabu hiyo kuwa ndiyo heshima.