Sikio la Mkwe Wangu

Mkwe wangu alikuwa hatumii bisibisi kusikilizia injini. Mafundi wenziwe wa Ng'ambo huchukua bisibisi ndefu, ncha wakaigusisha kwenye chuma, kipini wakakitia sikioni. Yeye alisema bisibisi ina maneno mengi. Alikuwa na kipande cha mpini wa jembe, kimelainika kwa miaka ya kushikwa, na hicho ndicho alichokiegemeza kwenye injini, upande wa pili akauweka nyuma ya sikio, pale penye mfupa. Hufumba macho. Kisha husema: silinda ya tatu, vali. Au: hapana kitu, ni mkanda. Tukifungua, ndivyo.

Nilikuja kwake kutoka Makunduchi, hata spana sijui kuishika, na kwa muda mrefu mtaa mzima ulinijua kwa jina la mtu wa shamba. Yeye ni Mwarabu wa mjini. Babu yake alikuwa na mikarafuu, yeye alibakiwa na ua mmoja uliolowa oili, ukuta wa mawe unaobanduka chokaa, na sikio lake. Mwisho akanioza binti yake. Watu walishangaa, nami nilishangaa zaidi yao. Tangu siku ile sikuwahi kumkatiza neno. Mkwe hakatizwi neno. Hata ukimwona anataka kukalia grisi, humwambii asikalie. Unakwenda mbio ukamtandikia gunia.

Lilianza kufa lini sikio lile, sijui. Najua tulivyolificha. Mteja akisema jambo kwa sauti ndogo, nililirudia kwa sauti kubwa, kana kwamba nahakikisha. Akiitwa asiitike, niliitika mimi "Naam" kisha nikamgusa bega. Nyumbani mke wangu aliongeza sauti ya redio kabla baba yake hajaomba. Hatukulizungumza jambo hilo hata tukiwa wawili chumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini hawasemi wanaomsaidia kuficha huwaje. Na nisijisifu kuwa yalikuwa mapenzi matupu. Niliogopa. Gereji yetu haikuwa na sifa nyingine. Mafundi wa siku hizi wana kompyuta za kupimia, nami nilinunua moja, mkwe wangu akawa anaiita televisheni. Watu walikuja kwetu kwa lile sikio.

Gari la kisa hiki lilikuja asubuhi ya Jumatatu moja. Mwenyewe ni mtu wa makamo, anafanya kazi hotelini Kendwa, na alilitafuta Japani kwa simu yake miaka mingi mpaka akalipata: la chini, la bluu, lina turbo, na Unguja haina hata barabara moja ya kulikimbizia sawasawa. Kila aliposhuka alikuwa akigeuka kulitazama tena. Siku ile alishuka hakugeuka.

Nilikuwa nshalisikia kabla halijaingia uani.

Injini hugonga kwa namna mbili, na kwa asiyejua zote ni kelele moja. Namna ya kwanza ni ya petroli. Magari ya turbo yanataka petroli kali. Ikiwa hafifu, au moto wa plagi ukiwahi, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake. Mlio wake ni mwepesi na mkavu, kama kunde zinazotikiswa ndani ya kopo, na huja gari linapopanda au linapokanyagwa. Hiyo inatibika. Unachelewesha moto kidogo, unabadilisha petroli, basi. Namna ya pili inatoka chini kabisa, kwenye beringi ya mkono wa pistoni. Hiyo ni nzito, ni mtu anayebisha mlango kwa ngumi. Dawa yake ni kuzima injini papo hapo na kuifungua. Ukiendelea kuendesha, ule mkono hukatika ukatoboa ubavu wa injini ukatoka nje.

Ile ilikuwa ngumi. Hata mtoto mdogo wa chuoni angeijua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lina nini gari?"

"Linagonga, mzee. Tangu jana, nnarudi kazini."

Nikarudia, kwa sauti kubwa: linagonga, tangu jana. Mkwe wangu akauchukua mpini wake, akainama, akafumba macho. Akaashiria kwa mkono injini ikanyagwe. Ikakanyagwa. Akauhamisha mpini kushoto, akaurudisha kulia, akauteremsha chini, akaupandisha tena. Sijapata kumwona akikaa muda mrefu vile. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo na watu wamesimama mlangoni wanamngoja. Kisha akafumbua macho akaniuliza:

"Hiyo televisheni yako yasemaje?"

Hakuwahi kuniuliza hata siku moja.

Nikaichomeka. Magari yale yana sikio lao wenyewe, kidude kimefungwa kwenye ubavu wa injini, kazi yake kusikiliza kugonga. Kompyuta ikasema ndiyo, injini inagonga. Haisemi kwa namna gani. Nikamsomea ilivyoandika, si zaidi.

"Umeona?" akasema, na furaha iliyomjia usoni ilinichoma. "Petroli. Petroli yetu hii na turbo haviivani. Chelewesha moto, mwanangu, naye akatie petroli nzuri, ende zake."

Kulikuwa na kazi ya dakika mbili tu ya kufanya. Unachomoa waya wa koili ya plagi, silinda moja moja, huku injini inanguruma. Ukifika kwenye silinda yenye beringi mbovu ile ngumi inalegea, na kipofu na kiziwi wote wanaelewa. Nilikuwa nshatia mkono kwenye koili ya kwanza.

"Watafuta nini huko?"

"Nnasafisha tu, Baba."

Nikautoa mkono.

Mwenye gari si mjinga. Alimtazama mzee, akanitazama mimi. "Nawe wasemaje, fundi?"

"Mzee keshasema," nikamjibu.

Nikachelewesha moto kama nilivyoambiwa. Ile kelele haikupungua hata chembe, na mkwe wangu alisimama pembeni akitikisa kichwa kwa kuridhika. Gari lilipotoka nilitoka nalo mpaka kwenye kona ya ukuta. Nilitaka kumsimamisha yule bwana, nimwambie ateremke aliache gari palepale. Niligeuka nyuma. Mkwe wangu alikuwa mlangoni ananitazama, mpini mkononi, kachangamka kama zamani. Nikasema, "Uende taratibu," tena kwa sauti ambayo sidhani kama hata mwenye gari aliisikia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, vizuri sana, na aliyetunga msemo huo ningependa nimpate nimuulize maswali mawili matatu.

Jumatano lilirudi kwa kamba. Lilimfia njiani, Mahonda, peke yake, na Mungu alimsitiri hakuumia. Mkono wa pistoni ulikuwa umetoka nje ya injini, umeacha tundu la kuingia kikombe cha kahawa, na oili yote ilibaki barabarani. Tulingoja atutukane. Hakututukana. Alimwambia mkwe wangu, "Ndiyo qadari ya Mungu, mzee," akampa mkono. Mimi alinitazama. Akaitazama ile koili niliyoishika siku ile, akanitazama tena, kisha akakaa juu ya tairi bovu akainamisha kichwa. Angenipiga ningemshukuru. Injini kama ile kisiwani haipo, na ikipatikana haitakuwa kwa mshahara wake. Alipoondoka alikwenda kwa miguu, na mara hii pia hakugeuka.

Alasiri tuliifungua, sisi wawili. Sikutaka. Mkwe wangu ndiye aliyetaka. Oili iliyobaki chini ilikuwa inametameta chengachenga za chuma. Beringi ya silinda ya pili ilikuwa imekunjika, nyembamba kama karatasi ya sigara. Hiyo hailiki kwa siku mbili. Alikuwa anajua hivyo kuliko mimi. Aliigeuza kiganjani, akapitisha kidole gumba pale ilipolika, akapitisha tena.

"Hii ilikuwa ikigonga Jumatatu," akasema.

Nikainama kuokota spana.

"Na wewe ulikuwapo." Akaniangalia midomo. Ndipo nilipojua kwamba muda mrefu sasa alikuwa ananiangalia midomo. "Uliisikia?"

Nilikuwa na majibu mawili, na yote nimeyapima tangu siku ile, usiku na mchana. Nikisema niliisikia, nimemwambia kuwa yeye ni kiziwi, na kuwa nilimwacha aaibike mbele ya mteja nami nimesimama namtazama. Nilidhani jibu la pili halina madhara. Nilidhani ndiyo adabu.

"Sikuisikia, Baba."

Alitikisa kichwa polepole. Aliiweka beringi juu ya meza, akachukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Basi sikukufundisha kitu," akasema.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka nilifungua mdomo. Naye alikuwa keshageuka, na mtu asiyesikia ukimsemesha kwa nyuma hakuna ulichosema. Alivaa kofia yake akenda msikitini.

Siku zile nilimwambia mke wangu kila kitu. Alilia, kisha akaniuliza mbona sikumwendea baba yake nikamwambia kweli. Nikamwambia nitamwendea. Mpaka leo tunakula sahani moja, mimi na mkwe wangu, na sijamwambia. Kila siku inayopita, neno lile linazidi kuwa zito, na sasa naona hata nikimwambia ataamini namfariji.

Wiki ya pili akaja mteja mwengine, mzee wa Tunguu, na pikapu yake. Inalia, akasema, anaogopa kusafiri nayo. Mkwe wangu alikuwa kakaa kwenye kiti mlangoni. Hakunyanyuka. Wala hakuniita. Alimwambia yule mzee kwa upole, kama anavyomwambia mtu habari ya msiba:

"Peleka kwengine, sheikh wangu. Hapa hapana mwenye masikio."

Pikapu ile nilikuwa nshaijua tangu iko barabarani. Ni puli ya mkanda iliyolegea, kazi ya spana moja. Nikamtazama mzee wa Tunguu akigeuza gari, akaondoka.